Jina la Mto Kinywani mwa Mama

Mto hauulizi unaitwaje. Unapita tu. Wanaouliza ni wale wanaotaka kuuvuka, au kuumiliki, au kumzuia mwenzao asiuvuke, na kila mmoja akishajibiwa huondoka na jina lake kama mtu aliyeteka maji kwa viganja, anakaza mwendo kabla hayajamvuja. Nimekaa kando ya mto mmoja miaka thelathini na mmoja nikipima kimo chake, asubuhi saa kumi na mbili na mchana saa sita, na hadi leo sijui kama jina ni kitu kinachokaa ndani ya maji au ni kitu kilichojengwa juu yake. Daraja likivunjika watu hulia. Mto haugeuki kutazama.

Naitwa Ramiro Ozuna. Mto ninaousema unaitwa Rehema. Unakikata vipande viwili kisiwa chetu, kimoja kati ya visiwa vya bahari ya Karibi: upande wa mashariki ni jamhuri iliyonizaa na kuniajiri, upande wa magharibi ni jamhuri nyingine, yenye bendera yake, lugha yake na wafu wake. Mashamba ya miwa yako pande zote mbili. Ukisimama katikati ya daraja saa ya mchana huwezi kujua upepo umetoka kwenye miwa ya nani.

Shuleni tulifundishwa jinsi jina lilivyokuja. Nahodha mmoja wa mfalme wa mbali alifika kwenye kivuko akiwa na askari themanini. Akawakuta watu wasio na mfalme: wawinda ng'ombe mwitu, watumwa waliotoroka, na masalia ya wenyeji wa kwanza, wote wakiishi pamoja kwa kukausha nyama juu ya moshi. Akawaua asubuhi moja. Ilipofika adhuhuri alikuwa amebaki mwanamke mmoja, mpishi wao, na nahodha akaamuru asiguswe, kwa sababu alitaka kujua mto unaitwaje ili aujaze kwenye ramani yake. Mwanamke hakusema. Nahodha akamtazama akiwa hai, akajitazama yeye mwenyewe aliyemwacha hai, moyo wake ukalainika kwa wema wake, akaandika: Rehema. Mwalimu wetu alituambia tuandike tarehe. Hakuna aliyeuliza mto ulikuwa ukiitwa nani jana yake.

Lakini jina lilikuwa na kazi nyingine mbele yake, na kazi hiyo ilikuja miaka mingi baadaye, mwaka ambao mimi nilikuwa tumboni.

Mwaka huo mtawala wa jamhuri yetu aliamua kwamba watu wa magharibi wamezidi katika mashamba ya mashariki. Tatizo ni kwamba walikuwa wamechanganyika nasi muda mrefu. Ngozi zilikuwa zile zile, kofia zile zile za ukili, mapanga yale yale ya kukatia miwa. Ndipo mtu mmoja mwenye akili, sijui nani, akakumbuka kwamba watu wa magharibi hawana herufi ile inayotetemeka ulimini. Kwao ndimi hulala pale ambapo zetu huruka. Basi askari wakapanga watu mstari kwenye kivuko, na kila aliyefika mbele aliulizwa swali moja: mto huu unaitwaje? Aliyesema Rehema alipita akaenda nyumbani. Aliyesema Lehema hakwenda popote. Kazi ilichukua siku tano.

Na mimi nikazaliwa miezi mitano baadaye, nikaandikwa mtoto wa Basilio Ozuna, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, na wa mkewe Eufemia, bubu.

*

Mama alikuwa bubu tangu kuzaliwa. Ndivyo baba alivyowaambia watu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha. Aliniita kwa kupiga makofi mawili. Akiwa na hasira alipiga moja. Alilala na kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini, na baba akasema ni meno yanamsumbua. Nilikua nikiamini kuwa meno ya mama yangu yaliuma kwa miaka hamsini. Kila asubuhi alijaza beseni maji, akainama, akazamisha uso wote, akakaa humo muda mrefu huku mapovu yakipanda pembeni mwa mashavu yake. Kisha akainuka, akapangusa uso, akawasha moto wa kahawa. Nilidhani ndivyo wanawake wote wanavyonawa.

Baba alikufa mimi nikiwa na miaka arobaini na saba. Mke wangu alikuwa ameshaondoka zamani, akisema hawezi kuishi na wanaume wawili wasiosema na mwanamke asiyeweza. Alikuwa na haki. Nyumba yetu ilikuwa na ukimya kama nyumba nyingine zinavyokuwa na mbuzi: uliingia, ukatoka, ukalala popote. Baada ya mazishi tukabaki wawili, mimi na mama, umbali wa mita mia nne kutoka kivukoni.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na nane wa umri wangu, mwanasheria mmoja kutoka mji mkuu alikuja kwenye kibanda changu cha vipimo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa matope. Akajitambulisha kuwa Graciela Tejeda, katibu wa tume ya jina la mto.

"Sikujua kuna tume," nikasema.

"Ni ya serikali zote mbili, Bwana Ramiro. Tumekaa miaka miwili. Wenzetu wa magharibi hawapendi jina lililopo. Kwenye ramani zao wameandika Maji, neno hilo tu. Sasa tumefikia maelewano." Akavua miwani akaifuta. "Jina litabaki Rehema, ila litakuwa na maana mpya. Rehema ya watu wawili waliosameheana. Waziri atakuja, na waziri wao atakuja, na kibao cha shaba kitafunuliwa katikati ya daraja."

"Nani amemsamehe nani?"

Hakukasirika. Nadhani alikuwa ameshajiuliza swali hilo akiwa peke yake. "Tunahitaji mtu aliyekuwepo," akasema. "Aliyesimama kwenye mstari. Wamebaki wachache, na wengi wao hawataki kuja. Tumeambiwa mama yako alikuwepo."

"Mama yangu hasemi."

"Tunajua," akasema, na kwa mara ya kwanza akaangalia pembeni. "Ndiyo maana pande zote mbili zimemkubali. Ule upande unaogopa atakayelaumu, na upande wetu vilevile. Yeye atavuta kitambaa tu."

Nilimpeleka nyumbani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mtoni, akajigusa kifua, akaitikia kwa kichwa. Mwanasheria akamshukuru, akambusu mashavu yote mawili. Alipotoka, mama alikwenda kujaza beseni, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri na alikuwa ameshanawa.

*

Siku tatu kabla ya sherehe, nahodha alikuja kibandani.

Najua alikufa karne tatu zilizopita. Lakini mtu akikaa peke yake muda mrefu kando ya maji yanayokwenda, hugundua kwamba miaka haifuatani kama magari ya miwa. Hukwama kwenye kona za mto, ikazunguka papo hapo kama makapi. Ilikuwa saa sita mchana, jua wima, kimo cha maji sentimita arobaini na moja. Alikaa kwenye kiti changu cha pili, buti zake zikitiririka maji, mzee kuliko alivyochorwa kwenye vitabu. Sikuogopa. Nilikuwa na swali.

"Kwa nini rehema?" nikamuuliza. "Uliua watu asubuhi nzima."

"Nilimwacha mmoja."

"Mmoja."

"Wewe hujawahi kuwa na uwezo wa kuua wote," akasema kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ungejua kwamba yule mmoja unayemwacha ni mzito kuliko waliolala chini. Waliolala hawakudai. Huyu aliyesimama, ukimtazama, unajiona wewe ni mwema, na mtu akishajiona mwema lazima aandike mahali."

"Alikwambia jina la kwanza la mto?"

Akatazama maji. "Alifunga kinywa. Nilidhani ni bubu. Nilimweka jikoni kwangu miaka ishirini, nikimpikisha, nikimngoja. Nilikuwa na ramani, na mfalme, na mto wenyewe. Kitu kimoja tu sikuwa nacho na yeye alikuwa nacho, na alikuwa akikimeza kila siku mbele yangu pamoja na chakula." Akainuka. Chini ya kiti palibaki dimbwi. "Nilikufa ningali namngoja."

Je, mamlaka ni nini, kama mwenye bunduki anaweza kungoja miaka ishirini mlangoni pa kinywa cha mpishi? Nilijiuliza hivyo jioni nzima. Ukimya wa anayetishwa, na ukimya wa anayetunza. Ukiwa nje ya mlango huwezi kuutofautisha. Unasikia tu kwamba hakuna sauti. Unasema: ametii. Unasema: amesahau. Unasema: bubu. Nilisema hivyo mimi. Miaka hamsini na minane nilisema hivyo, nikanywa kahawa na kula mkate wa muhogo kutoka mikononi mwake, nikasema: mama yangu, bubu, maskini.

*

Siku ya sherehe daraja lilijaa. Upande wetu walipanga viti vya plastiki na turubai, na bendi ya tarumbeta ya jeshi. Upande wa pili watu walisimama, maana viti vyao havikuwa vimefika. Wanawake wa sokoni wenye mabeseni ya maembe na sabuni, wanaume wenye baiskeli, wote nyuma ya kamba. Katikati, kwenye ukingo, kibao kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mawaziri wawili walihutubu kila mmoja kwa lugha yake. Waziri wetu alitamka jina la mto mara nyingi, na kila mara aliikaza ile herufi, akaitetemesha zaidi ya kawaida, nadhani bila kujua.

Mama alivaa gauni la kijivu la mazishi ya baba. Nilimshika mkono hadi kwenye kibao. Graciela Tejeda alimwonyesha kamba. Mama akaivuta, kitambaa kikaanguka, shaba ikawaka jua, watu wakapiga makofi. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Nikamshika kiwiko ili nimrudishe kwenye kiti, naye akauondoa mkono wangu taratibu, kama unavyoondoa jani begani.

Akakigusa kibao. Akapitisha kidole kwenye herufi za jina, moja moja, yeye asiyejua kusoma. Kisha akafungua kinywa.

"Lehema," alisema.

Sauti ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini kipaza sauti cha mawaziri kilikuwa umbali wa hatua moja, na kikaibeba hadi mwisho wa daraja pande zote mbili.

"Lehema. Dada yangu Sentilia alisema hivi. Alilisema vizuli, kama mama yetu alivyotufundisha, wakampiga panga. Mimi nilikuwa nyuma yake. Wakaniuliza, sikusema. Leo nasema. Mimi ni Ilmise, wa ng'ambo ile. Mto huu unaitwa Lehema, na mwenye panga na aje."

Hakuna aliyekuja. Kwenye gwaride la heshima askari mmoja kijana alikuwa amehamisha mkono wake hadi kwenye mkanda, kisha akautazama mkono huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Upande wa pili, nyuma ya kamba, mwanamke mmoja wa sokoni aliweka beseni lake chini, akakaa juu ya lami. Akafuata mwingine. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka daraja la upande ule likawa watu waliokaa kitako, kama wanavyokaa penye msiba.

Waziri wetu, ambaye nadhani hakuelewa, au alielewa upesi kuliko sote, akaanza kupiga makofi. Bendi ikachukua ishara. Tarumbeta zikalia.

*

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake, nami nikasimama mlangoni. Sikuingia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, maana mwanamke niliyekuwa na hasira naye nilikuwa nimekutana naye saa ile.

"Lamilo," aliniita.

Ilikuwa mara ya kwanza. Nina nywele nyeupe, na sijawahi kusikia jina langu likitoka kwa mama yangu, na lilipotoka lilikuwa limevunjika mahali pawili.

"Ulichagua jina hilo wewe?" nikauliza.

"Kasisi alitaja majina mengi. Felipe. Jacinto. Tomás. Nikangoja. Alipotaja lile lenye sauti ile mala mbili, nikagonga meza. Nani angeamini kwamba mama wa ng'ambo amempa mwanawe jina asiloweza kumwita?"

"Ungeninong'oneza. Mara moja tu, tukiwa wawili. Nikiwa mgonjwa, hata. Nilipopata homa ile nikiwa na miaka saba ulinipigia makofi, mama. Nilikuwa nakufa ukanipigia makofi."

Alikubali kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba anaweza kusema. "Ningekunong'oneza, ungeitika. Mtoto akiitwa huitika. Halafu siku moja ungecheza na wenzako ukasema neno kama mama anavyolisema. Ulimi wa mtoto haupati kitu popote ila kwa mamaye. Nikaona, bola asipate kwangu. Apate kwa Basilio. Apate kwa watu."

"Beseni," nikasema. Sijui kwa nini nililifikiria wakati ule.

"Humo nilikuwa nakuita. Kila asubuhi, ili ulimi usife. Maji yalisikia."

Nikaingia. Nikakaa sakafuni kama mtoto, magoti yakinilalamikia. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na nilikuwa naliogopa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimehesabu miezi.

"Baba yangu ni nani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba yako ni yule aliyesema mbele ya panga kwamba mimi ni mke wake. Hakunijua. Alikuwa anapita na mkokoteni wa miwa. Akaniona nimefunga kinywa, akashuka, akawaambia: huyo ni bubu, ni wangu, mwacheni. Mtu asiyenijua, Lamilo." Akaongeza: "Kuna mwingine aliyekufanya. Odilon, mkata miwa. Alikuwa anacheka sana. Walimpata siku ya pili."

Tulikaa hivyo hadi kuku walipoanza kupanda mtini. Sikumsamehe siku ile. Nilitaka, lakini nilikuwa nimeona kibao cha shaba kikifunuliwa kwa neno hilo hilo, na lilikuwa limenishinda kutumia.

*

Wiki ya tano baada ya sherehe, mhandisi Hilario Báez, msimamizi wangu wa siku nyingi, alikuja kibandani akitembea polepole. Tulikuwa tumekunywa pamoja, tumezika pamoja, tumepima mafuriko matatu makubwa tukiwa tumefungwa kamba moja kiunoni.

"Ramiro," akasema, "imekuja barua. Wanasema cheti chako cha kuzaliwa kina kasoro. Mama uliyeandikiwa hayupo. Hakukuwa na Eufemia yeyote."

"Nimezaliwa pale." Nikamwonyesha. Paa letu lilionekana kutoka mlangoni.

"Najua."

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa kimbunga kikubwa nani alikaa hapa?"

"Wewe. Najua, Ramiro. Nilikuwepo." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nimeambiwa nichukue funguo. Wanasema ni hadi uchunguzi umalizike. Kitambulisho pia."

Nilimpa funguo. Nilimpa kitambulisho, chenye picha yangu ya ujana na jina lenye sauti ile mara mbili. Akavipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mkubwa. Akauliza kama kuna kitu anaweza kunifanyia. Nikamwambia apime saa sita, muda ulikuwa umefika, nami sikuwa tena na ruhusa. Akashuka hadi ukingoni, akasoma, akapaza sauti kuniambia namba, kwa mazoea. Nami kwa mazoea nikaitikia.

Wanaotaka kujua mto una nguvu kiasi gani hutazama mafuriko. Mimi nasema watazame kiangazi, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, mtoto anaweza kuyaruka, na bado mtu mzima aliyezaliwa mita mia nne kutoka hapo anaambiwa amesimama ukingo usio wake. Maji hayakufanya hivyo. Neno lilifanya. Nami nilikuwa nimekula mshahara wa neno hilo maisha yangu yote, nimelijaza kwenye fomu kila siku mara mbili bila kutetemeka mkono, na mama alinitazama nikiondoka kila asubuhi kwenda kuliandika. Alilipa yeye ili mimi niliandike. Nilipoelewa hivyo, hasira ilikwisha. Kilichobaki kilikuwa kizito zaidi, na sikijui jina.

Nikamkuta mama anakunja nguo.

"Ijumaa ni soko," akasema bila kugeuka. "Walinzi huacha watu wavuke. Nina binamu kule, kama bado wapo. Kuna mahali panaitwa Twa Kafou, palikuwa na kisima."

"Tukivuka hawataniruhusu kurudi. Sina karatasi."

"Nami nilivuka bila kalatasi."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mama."

"Na wewe una mimi," akasema.

Siku zilizobaki alinifundisha maneno ya lugha yake, tukiwa tumekaa uani peupe, bila kunong'ona. Maji. Mkate. Mama. Mwana. Leo, bado, kula, kusema. Ulimi wangu ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoachwa juani. Kila nilipotia ile herufi mahali isipotakiwa alinipiga kofi dogo la goti, akarudia, akanitazama midomo. Alikuwa mwalimu mkali. Nadhani alikuwa na furaha.

Ijumaa tulivuka saa mbili asubuhi, katikati ya msongamano wa mikokoteni na mabeseni. Mlinzi wa upande wetu alitutazama, akamtambua mama, akageuza uso kuelekea mtoni hadi tulipopita. Sitajua kama alikuwa anatudharau au anatuhifadhi. Tulipofika kwenye kibao cha shaba mama hakusimama. Alikuwa anatembea mbele yangu, mwanamke wa miaka sabini na saba, kifurushi kichwani, na sikuweza kumfikia.

Ng'ambo, soko lilinimeza. Kelele zilikuwa za lugha ambayo nilikuwa nimeisikia kutoka mbali maisha yangu yote kama mtu anavyosikia mvua kwenye paa la jirani, na sasa ilikuwa inaninyeshea mimi. Mama alikuwa anaongea. Aliongea na muuza mkaa, na muuza viatu vya mitumba, na mzee mwenye punda. Aliuliza njia, akauliza habari za watu, akabisha bei ya kitu ambacho hatukukihitaji. Watu walimjibu wakicheka, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya zamani, maneno ya bibi zao, yaliyokuwa yamekaa majini miaka hamsini na minane bila kutumika. Alikuwa anapaza sauti. Mikono yake, iliyonilea kwa ishara, ilikuwa imetulia kiunoni.

Kwenye meza ya matunda ya shelisheli ya kuchoma, muuzaji, mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano, alinigeukia akaniuliza kitu. Lilikuwa swali fupi, la ukarimu. Nadhani aliniuliza kama nataka chumvi, au ninatoka wapi, au jina langu nani. Nikafungua kinywa. Maneno niliyofundishwa yalikuwa yote mle ndani, nikayatafuta, na hakuna lililokuja. Watu wawili watatu waligeuka kunitazama, mzee mwenye nywele nyeupe aliyesimama na kinywa wazi. Nikakifunga.

Muuzaji akauliza tena, polepole, kisha akamtazama mama na kugusa midomo yake mwenyewe kwa kidole, kama anayeuliza kuhusu ugonjwa.

Mama alichukua shelisheli, akaipasua, moshi ukatoka. Akaipuliza, akanitia kipande mkononi. Akamjibu yule mwanamke kwa lugha yao, bila haraka, na maneno yenyewe nilikuwa nimefundishwa, kwa hiyo niliyaelewa yote.

"Ni mwanangu," alisema. "Bado hajaanza kusema."